Paul Robeson: Leta ilifunga milango, watumikaji wa mine wakaifungua

Leo tunaongea juu ya mutu mumoja ambaye hakukuwa muchimbaji, lakini wachimbaji wa inchi mbalimbali walimuhesabu kama ndugu yao. Ni Paul Robeson, muimbaji mweusi wa Marekani.

Alizaliwa mu Princeton tarehe 9 mwezi wa ine 1898. Baba yake alizaliwa mutumwa, akatoroka, kiisha akakuwa pasta. Mama yake alikufa kwa ajali ya moto wakati Paul alikuwa na miaka mitano tu. Mutoto akasoma, akapata diplome ya sheria mwaka 1923. Lakini mu biro ya avoka, karani muzungu alikataa kumuandikia barua juu ya rangi ya ngozi yake. Akaacha ile kazi, njo akaingia mu teatre na mu kuimba. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini kabisa, na ikamufikisha London. Kule alijifunza pia luga za Afrika, na Kiswahili chetu kilikuwa ndani.

Kule London, karibu na mwaka 1929, njo alikutana na wachimba makaa wa Wales. Kazi ilikuwa imekosekana kwao, wakatembea kwa miguu mpaka London wakiimba njaa yao. Robeson akaingia mu musululu, akaimba pamoja nao, akawasaidia kurudi kwa gari-moshi na chakula. Mwaka 1934, wakati mine ya Gresford ilipasuka na kuua watu zaidi ya 260, alitoa feza ya koncerti yake kwa wajane na yatima. Mwaka 1940, mu sinema The Proud Valley, alicheza muchimbaji.

Aliporudi Marekani, alisema wazi: weusi wasiuawe bila tribinali, na Afrika ipate uhuru. Mwaka 1941 polisi ya siri, FBI, ikamufungulia dosie. Ni mwaka ule ule askari walipiga risasi watumikaji waliogoma hapa kwetu, mu Elisabethville ya zamani. Telefone yake ilisikilizwa, na watu wa kuripoti waliingizwa mu mikutano yake.

Mwaka 1949 wakageuza maneno aliyosema Paris, na koncerti karibu 85 zikafutwa. Mu Peekskill, watu waliotoka kumusikiliza wakapigwa mawe. Mwaka 1950 Leta ikamunyanganya paspori. Mu makaratasi ya tribinali Leta ikaandika kama kosa kwamba anatetea uhuru wa Waafrika. Feza yake, iliyopita dolari 100 000 kwa mwaka, ikashuka mpaka elfu chache tu. Angalieni vizuri: hakuna siku juji alimuhukumu kwa kosa lolote. Hakufungwa gereza. Walifunga paka milango, moja moja.

Nani alifungua? Sendika ya watumikaji wa mine. Mwaka 1952 ilimuita Kanada, lakini ku mupaka wakamurudisha. Akawaimbia kwa telefone. Mwezi wa tano, sendika ikaweka kamio pale pale ku mupaka, akapanda juu yake akaimba. Maelfu ya watu wakamusikiliza pande zote mbili. Mwaka 1957, wachimbaji wa Wales wakatumia kamba ya telefone inayopita chini ya bahari: yeye New York, wao Porthcawl, watu karibu 5 000 mu sale moja. Mwaka 1958 tribinali kubwa ya Marekani ikasema Leta haina haki ya kumunyima mutu paspori juu ya mawazo yake. Akapata yake, na mwaka ule ule akafika Wales.

Hatutaki kumufanya malaika. Alisifu Urusi ya Stalin, na juu ya watu waliouawa kule alinyamaza mbele ya watu. Ile ilikuwa kosa, na rafiki zake wengine walimulaumu. Kiisha ugonjwa wa roho ukamushika, tangu 1961. Mutoto wake alisema wapelelezi walimutilia dawa mbaya, ile haikuhakikishwa. Alikufa Philadelphia tarehe 23 mwezi wa kwanza 1976, na miaka 77.

Sisi watu wa sendika tunajua namna mulango unafungwa polepole. Jina la ndugu linaandikwa fasi fulani, kontra haifanywi upya, na hakuna mutu anakuonyesha karatasi. Siku ile wengi wetu tunaanza kumupita bila salamu, juu tunaogopa. Wale wachimbaji wa Kanada na Wales nao walikuwa na watoto wa kulisha. Lakini walileta kamio, wakalipa telefone.

Wandugu, ndugu yetu akifungiwa, tusiulize kwanza kama yee ni mutakatifu. Tuulize kamio yetu iko wapi.