Imam Ahmad bin Hanbal: Aliyekataa kusema asichokiamini

Ukikaa barazani baada ya sala ya Isha, maneno utakayoyasikia sana ni haya: yangu macho, mimi simo, funika kombe mwanaharamu apite. Mtu anaona jambo ambalo moyoni mwake anajua si sahihi, liwe msikitini, mtaani au kazini, lakini anangoja wengine waseme kwanza. Na hao wengine nao wanamngoja yeye. Kwa hali hii, ndugu msomaji, si vibaya tukarejea maisha ya Imam Ahmad bin Hanbal, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Imam Ahmad alizaliwa mwaka 164 Hijria (780) na akakulia Baghdad, mji mkuu wa dola ya Bani Abbas. Baba yake alifariki angali mdogo, akalelewa na mama yake. Alisafiri Kufa, Basra, Hijazi na Yemen kutafuta Hadithi, na akasoma kwa Imam Shafi'i. Inasimuliwa kuwa katika safari ya Yemen aliishiwa fedha, akafanya kibarua kwa wenye ngamia kuliko kupokea msaada wa wenzake. Kitabu chake, Musnad, kina Hadithi zipatazo 27,000 pamoja na zinazojirudia.

Mtihani ulikuja mwaka 218 Hijria (833). Khalifa Ma'mun alimwandikia gavana wake wa Baghdad, Ishaq bin Ibrahim, awahoji makadhi na wanazuoni iwapo wanakubali kuwa Qur'an imeumbwa. Hatuna nia ya kuufungua mjadala huo hapa. La kuzingatia ni kwamba Ma'mun hakuwa mjinga. Alipenda vitabu, na zama zake vitabu vingi vya Kigiriki vilifasiriwa kwa Kiarabu. Mu'tazila waliomzunguka walijivunia kutumia akili. Lakini hoja ikishabebwa na mjeledi haiwi hoja tena, bali amri.

Na amri ile ilipangwa vizuri. Kadhi asiyekubali hakuwa na kazi, na shahidi asiyekubali hakupokelewa ushahidi wake. Wakaitwa wanazuoni saba wakubwa, akiwemo Yahya bin Ma'in, rafiki wa Imam Ahmad, wote wakakubali. Wengine walipoona wakubwa wamekubali, wakafuata. Mwishoni wakabaki wanne katika minyororo. Siku ya pili akalegea mmoja, siku ya tatu mwingine. Wakabaki wawili: Imam Ahmad na kijana Muhammad bin Nuh.

Walisafirishwa wakiwa wamefungwa kwenda Tarsus alikokuwa Khalifa. Kabla hawajafika, Ma'mun akafariki. Wakarudishwa, na njiani Muhammad bin Nuh naye akafariki, Imam Ahmad akamsalia na kumzika. Sasa alikuwa peke yake.

Alifungwa jela kwa muda wa miezi 28 hivi. Mbele ya Khalifa Mu'tasim alihojiwa siku tatu, na jibu lake lilikuwa moja: waniletee dalili kutoka katika Kitabu cha Allah au Sunna ya Mtume (SAW). Haikuletwa iliyomtosheleza. Akachapwa mijeledi mpaka akazimia, kisha akaachiwa.

Zama za Khalifa Wathiq hali ikawa mbaya zaidi. Mwaka 231 Hijria (845), Waislamu waliokuwa mateka wa Warumi walihojiwa suala hilo hilo mpakani, na asiyekubali hakukombolewa. Imam Ahmad alizuiwa kukutana na watu, akawa anajificha. Baadhi ya mafakihi wa Baghdad wakamwendea wakitaka kuasi. Aliwakataza, akiogopa damu ya Waislamu kumwagika. Hakutaka ufalme wala vurugu. Alichokataa ni kimoja tu, kusema kwa ulimi wake jambo asiloliamini.

Khalifa Mutawakkil, aliyetawala kuanzia mwaka 232 Hijria (847), ndiye aliyeuondoa mtihani huo. Ukaja sasa mtihani wa pili, ambao pengine wengi wetu tungeanguka, nao ni mtihani wa fedha. Khalifa alimpelekea zawadi, akaagiza zigawiwe masikini. Wanawe walipopokea posho ya serikali, aliacha kula chakula cha nyumbani kwao. Alijua kuwa mjeledi ulishindwa kumfunga mdomo, na fungu la fedha lingeweza.

Hata kwa wanafunzi wake alikuwa hivyo hivyo. Hakupenda maoni yake yaandikwe na kufuatwa kama yalivyo. Aliwataka wachukue elimu pale maimamu walipoichukua. Mtu aliyeumia ili asilazimishwe na mtawala hakutaka naye kuwalazimisha wengine.

Waliokubali kwa kuogopa upanga hatuwalaumu, sheria inamtambua aliyelazimishwa. Lakini sisi tunaonyamaza leo, ni upanga gani tumewekewa shingoni? Wengi wetu tunanyamaza ili tusimuudhi jirani au tusikose nafasi fulani, na wengine kwa uvivu tu wa kufikiri.

Imam Ahmad alifariki Baghdad mwaka 241 Hijria (855), akiwa amewasamehe waliomtesa. Umati mkubwa ulijitokeza kumzika. Kumsindikiza mtu wa haki makaburini ni jambo jepesi. Tujiulize ni wangapi tungekuwa tayari kusimama naye siku ile walipobaki wawili.