Mtemi Mirambo na Vijana Wake

Muhula huu napenda kuwasimulia habari za Mtemi Mirambo wa Urambo. Hapa Mugoma wengi twalijua jina lake, lakini twalijua kwa vita tu. Mimi namtazama kama mwalimu, kwani alijua namna ya kuwazoeza vijana kutenda kazi ngumu katikati ya hatari.

Mirambo alizaliwa yapata mwaka 1840 katika Unyamwezi, magharibi ya Tabora. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtyela Kasanda. Siku zile Wangoni walikuwa wamefika huko kutoka kusini, na husimuliwa kwamba alikaa kwao katika ujana wake, akajifunza lugha yao na mbinu zao za vita. Aliporithi utemi, nchi yake ilikuwa ndogo.

Askari wake waliitwa rugaruga. Alipenda kuchukua vijana wasio na mke wala watoto, akiamini kwamba huona vizuri, hukimbia upesi, na hutiwa moyo kwa maneno machache. Vijana hao walijifunza kwa kutenda. Walitoka pamoja na waliowatangulia, wakazoea kwenda mbio, kunyamaza na kumshtukiza adui. Naye Mirambo hakubaki nyumbani, bali aliwaongoza mwenyewe.

Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora, waliogombana naye juu ya ushuru na njia ya kwenda Ujiji, walimwendea kwa vita. Henry Stanley alikuwa upande wao. Kikosi kilichoongozwa na Soud kiliuteka mji wa Wilyankuru, kikachukua pembe za ndovu, nguo na watumwa. Kumbe Mirambo alikwisha kutoka, akajificha na watu wake katika majani marefu kando ya njia. Fikirini, wanafunzi: mji umetekwa, mali yao inachukuliwa, nao hawana budi kulala kimya mpaka wakati ufike! Walipoinuka, Soud aliuawa, na jeshi la Tabora likakimbia ovyo. Mwezi ule ule wa Agosti Mirambo akaingia Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji.

Stanley alikutana naye mwaka 1876, wakachanjiana udugu. Alistaajabu kumwona mtu mpole, mwenye sauti ya chini.

Sisemi kwamba kila alilotenda lilikuwa jema. Vijiji viliteketezwa, na watu wakafanywa mateka. Tena mafunzo yake yalikuwa na upungufu mkubwa: mambo yote yalimtegemea yeye. Alipofariki Desemba 1884, dola yake haikuchukua miaka mingi kabla ya kuvunjika.

Basi, tupate mafunzo mawili. Kwanza, utulivu hauji siku ya hatari. Huwekwa akiba mapema. Mwanafunzi aliyezoea kujibu maswali huku saa ikimhimiza hatatetemeka sana katika chumba cha mtihani. Mkunga aliyerudia kazi yake mara nyingi mbele ya mkubwa wake hujua la kufanya damu inapotoka usiku. Pili, sisi walimu na wazazi tuwazoeze watoto hata waweze kusimama tusipokuwapo. Mirambo alifaulu katika lile la kwanza. Hili la pili lilimshinda, nalo sasa ni juu yetu.