Rudolf Virchow na Siri ya Damu Inayoganda

Mwanafunzi wa Machakos aujua mchanga wa mito yetu ya msimu. Maji yakienda kasi, mchanga huenda nayo. Yakipunguza mwendo nyuma ya ukuta wa bwawa, mchanga hutua. Damu nayo, mwendo wake ukivurugika, huweza kuganda ndani ya mshipa. Aliyetufumbulia siri hiyo ni tabibu wa Kijerumani, Rudolf Virchow.

Alizaliwa mwaka 1821 huko Schivelbein, mji mdogo ambao leo umo nchini Polandi, akahitimu utabibu mjini Berlin mwaka 1843. Zama hizo wakubwa wa taaluma walishikilia kwamba chanzo cha madonge ya damu ni uvimbe wa ukuta wa mshipa, basi. Kijana huyu hakuridhika. Alipasua maiti, akafanya majaribio kwa mbwa, akathibitisha kwamba donge huweza kumeguka, likachukuliwa na damu hadi likaziba mshipa wa pafu. Hali ya damu kuganda mshipani akaiita thrombosi. Donge linalosafiri akalipa jina la emboli. Sisi wanaisimu twajua kwamba jambo lisilo na jina ni gumu kulichunguza.

Mwaka 1848 serikali ya Prussia ilimtuma Silesia ya Juu kuchunguza homa ya taifasi. Alirejea na taarifa iliyolaumu umaskini, ukosefu wa elimu na utawala mbaya. Haikuwapendeza wakubwa. Mwaka 1849 alihamia Chuo Kikuu cha Würzburg, akarudi Berlin mwaka 1856. Baadaye aliingia bungeni, akampinga Bismarck na kuupigania mji upate mifereji ya maji machafu. Hakuwa mtu asiyekosea, kwani aliitilia shaka mno nadharia ya vijidudu. Alifariki mwaka 1902, miezi kadhaa baada ya kuvunjika mguu aliporuka kutoka kwenye tramu.

Je, yote haya yanamhusu nini mgonjwa wa moyo wa leo? Mshipa wa moyo ukiwa mwembamba, daktari huweza kuingiza stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma, na kukipanua kwa puto. Stenti ya kwanza katika moyo wa binadamu iliwekwa Ufaransa mwaka 1986, lakini katika miaka ya mwanzo nyingi ziliziba kwa damu iliyoganda. Mwaka 1995 Antonio Colombo wa Milan na wenzake walionyesha kwamba stenti ikipanuliwa barabara na kuukumbatia ukuta wa mshipa, hatari hiyo hupungua sana.

Virchow angeelewa mara moja. Mafunzo yanayoitwa kwa jina lake yataja mambo matatu: mwendo wa damu, hali ya ukuta wa mshipa, na damu yenyewe. Stenti iliyofunguka nusu huacha njia nyembamba, nyaya zake zikasimama mbali na ukuta, na damu ikazungukazunguka hapo. Ikipanuliwa kupita kiasi, ukuta hujeruhiwa. Jambo la tatu, damu yenyewe, hushughulikiwa na vidonge vinavyozuia chembe zake zisishikamane. Mgonjwa anayeviacha bila idhini ya daktari, kwa kuwa kifua hakimuumi tena, huuacha wazi mlango mmoja kati ya mitatu.

Basi walimu, tuwafundishe vijana jina la Virchow, na zaidi ya jina, ile desturi yake ya kuhakikisha kabla ya kukubali.