Elizabeth wa Hungary: Binti Mfalme Aliyegawa Kila Kitu, Akaaga Dunia na Miaka 24

Hii stori ya binti mfalme si kama zile mnaona kwa katuni. Elizabeth alizaliwa 1207. Babake alikuwa Andrew II, mfalme wa Hungary, kwa hivyo doh haikuwa shida kwao.

Akiwa na miaka 4 tu, alitolewa nyumbani akapelekwa Thuringia, Ujerumani, akalelewe na familia ambayo angekuja kuolewa nayo. Enzi hizo ndoa za wakubwa zilikuwa dili za siasa. Alipofika miaka 6 hivi, mamake aliuawa huko Hungary na mabwenyenye waliochoka kuona jamaa zake wa kutoka nje wakipewa vyeo. Msichana akabaki ugenini bila mathe.

1221, akiwa na miaka 14, aliolewa na Ludwig IV, mtawala wa Thuringia. Na cheki maajabu: ndoa ya kupangwa ikageuka mapenzi ya ukweli. Wakati wa kula, Elizabeth alikuwa anaketi kando ya bwanake, jambo ambalo wake wa wakubwa hawakuwa wanafanya, na watu wa kasri wakaanza udaku. Kilichowaudhi zaidi ni kwamba kabla ya kuonja kitu, alitaka kujua chakula kimetoka wapi. Akisikia wakulima walinyang'anywa, haguzi. Meza imejaa nyama na yeye analala njaa.

1226 njaa kali ikapiga Thuringia. Ludwig alikuwa Italia kwa kazi ya Kaizari, kwa hivyo Elizabeth ndiye alikuwa anashikilia usukani. Akafungua maghala ya nafaka, akagawia maskini, na chini ya kasri la Wartburg akaanzisha hospitali ya vitanda 28. Wasimamizi wa mali wakangoja mdosi arudi ndio wamchongee. Ludwig aliporudi, alisimama na mkewe.

Labda umeona picha yake akibeba maua ya waridi kwenye nguo. Inasemekana alifumaniwa akipelekea maskini mkate, na alipofunua, mkate ukawa waridi. Hiyo ni hekaya iliyokuja baadaye, na inasimuliwa pia kuhusu Elizabeth wa Ureno, mjukuu wa dadake wa baba mmoja. Matoleo mengine humfanya Ludwig kuwa bwana mkali. Huo ni uonevu kwa jamaa wa watu.

Septemba 1227, Ludwig akiwa njiani kwenda Vita vya Msalaba, homa ilimuua Otranto, Italia. Elizabeth alikuwa na miaka 20 na mimba ya mtoto wa tatu, aliyezaliwa wiki chache baadaye. Msimu huo wa baridi akaondoka Wartburg. Kuna wanaosema shemejiye Heinrich alimtimua, wengine wanasema alijitoa mwenyewe. Usiku wa kwanza huko mjini Eisenach alilala kwenye kibanda kilichokuwa cha nguruwe. Mjomba wake, askofu wa Bamberg, akaanza kumtafutia mchumba mwingine. Elizabeth akatisha kwamba wakimlazimisha, atajikata pua asitamaniwe na yeyote.

Alipopewa malipo yake ya ujane, vipande 2,000 vya fedha vilivyoitwa marki, aligawa robo nzima kwa siku moja. Nyingine akajengea hospitali Marburg kwa jina la Fransisko wa Assisi, halafu akavaa nguo ya kijivu na kuanza kuosha wagonjwa kwa mikono yake.

Sasa hapa ndipo stori inauma. Padri wake wa kiroho, Konrad wa Marburg, alikuwa noma. Alimchapa, na akawafukuza Guda na Isentrud, marafiki waliokuwa naye miaka yote. Watoto pia walilelewa mbali naye. Kitinda mimba Gertrud alipelekwa kwa watawa wa Altenberg kabla hajafika miaka 2. Kuna wanaouita huo utii mtakatifu. Mimi naona ni mjane mdogo aliyeteswa na mtu mzima, na utakatifu wake ulikuwepo kabla Konrad hajashika fimbo.

Alifariki Novemba 17, 1231. Watu walimiminika, wakakata vipande vya nguo, nywele hata kucha za maiti waende nazo nyumbani. Konrad mwenyewe aliuawa 1233, baada ya kuwaandama mabwenyenye akiwaita wazushi wa dini. Mei 27, 1235, Papa Gregory IX akamtangaza Elizabeth mtakatifu, hata miaka minne haijaisha. Mwaka uliofuata Kaizari Frederick II alikuja Marburg mifupa ilipohamishwa, akamwekea taji.

Kanisa kubwa likajengwa juu ya kaburi lake na mahujaji wakaja kwa mamia ya miaka. Halafu 1539 mtawala wa Hesse, Philip, aliyekuwa amegeuka Mprotestanti, akaitoa mifupa ili hija zikome. Philip alikuwa wa ukoo wa Elizabeth mwenyewe, kupitia binti yake Sophie. Siku ya Elizabeth bado husherehekewa kila Novemba 17. Sanduku lake la dhahabu bado liko Marburg, lakini ndani hakuna mifupa.