Alfred Binet na Kipimo Kilichovuka Mipaka ya Lugha

Mwalimu mwanafunzi hulikuta jina la Alfred Binet katika somo la saikolojia ya elimu, na mara nyingi hulikariri kwa ajili ya mtihani tu. Hata hivyo, maisha ya mtaalamu huyu yana funzo kwa kila atakayemuuliza mtoto maswali ili kuyajua yaliyomo akilini au moyoni mwake.

Binet alizaliwa mwaka 1857 mjini Nice. Alisoma sheria, kisha akajifunza saikolojia kwa kusoma vitabu peke yake. Mwaka 1883 alianza kazi katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, chini ya daktari Charcot. Huko alitangaza, pamoja na mwenzake, kwamba sumaku huweza kubadili hisia za mgonjwa aliyetiwa usingizi wa hipnosisi. Delboeuf wa Ubelgiji alibainisha kwamba wagonjwa wale walijua wanachotazamiwa kufanya. Binet alikubali kushindwa. Tangu hapo alijihadhari na swali linalobeba jibu lake, na mwaka 1900 alitoa kitabu juu ya jambo hilo.

Nyumbani aliwachunguza binti zake wawili, Madeleine na Alice, akaona kwamba walifikiri kwa namna mbili tofauti, ingawa walilelewa pamoja.

Mwaka 1904 aliingia katika tume ya serikali iliyoshughulikia watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida. Hatari ilikuwa wazi: mtoto angeweza kuondolewa darasani kwa sababu tu mwalimu wake amemchoka. Basi mwaka 1905, akishirikiana na daktari Théodore Simon, alitoa kipimo chenye majaribio 30, kuanzia mepesi hadi magumu. Kilirekebishwa mwaka 1908 na 1911. Kwa Binet, kipimo kilikuwa njia ya kumtambua anayehitaji msaada. Hakuamini kwamba akili haikui. Alipendekeza mazoezi ya kukuza usikivu, kumbukumbu na utashi. Alifariki mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 54.

Kipimo chake kilivuka bahari. Huko Marekani, Goddard alikitafsiri, na mwaka 1913 wasaidizi wake walikitumia kwa wahamiaji wa Ellis Island kupitia wakalimani. Watu waliochoshwa na safari wakahesabiwa kuwa wapungufu wa akili. Terman alikijaribu upya kwa watoto wa California, akayahamisha baadhi ya majaribio kutoka umri mmoja hadi mwingine na kuongeza mapya, kabla ya kutoa toleo lake mwaka 1916. Lakini yeye na Goddard waliishika imani ya akili ya kurithi, ambayo Binet aliipinga.

Mambo haya yanatuhusu sisi wa Kibaha na Kisarawe. Kipimo cha 1908 kilimtaka mtoto ataje rangi nne. Kwa Kiswahili, kijani hutokana na jani, na manjano ni kiungo cha jikoni. Mtoto asemaye rangi ya majani hajakosea. Kitabu cha kigeni kikiandika saa saba asubuhi, mtoto wetu huijua saa hiyo kuwa saa moja. Hojaji za hisia ni ngumu zaidi. Swali la kigeni juu ya moyo mzito, lenye maana ya huzuni, huenda likamfanya mtoto adhani anaulizwa kama husita kutenda. Naye aliyefunzwa kunyamaza mbele ya wakubwa ataonekana ameitawala hasira yake, kumbe ameificha tu.

Kwa hiyo, hojaji ikishatafsiriwa, yafaa mtu mwingine airudishe katika lugha ya kwanza bila kuliona andiko la asili, na tofauti zijadiliwe. Kisha ijaribiwe kwa watoto wachache, nao waulizwe wameelewa nini. Mwalimu asiyefanya hivyo asimwandike mtoto kuwa mzito wa akili au mkorofi, kwani huenda kilichoshindwa ni swali lenyewe.