Mbaruk wa Gazi: Mtumishi aliyewaficha wakubwa wake moyo wake

MSAFIRI atokaye Ukunda kuelekea Msambweni hupita Gazi, kijiji cha wavuvi kilichokumbatiwa na mikoko. Hapo ndipo palipokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid Mazrui, ambaye jina lake lingali linatajwa Pwani Kusini.

Wengi humkumbuka kuwa mwasi. Husahaulika kwamba alikuwa pia mtumishi wa kulipwa, na kwamba vita vilivyomwangusha vilitokana kwa kiasi kikubwa na mwajiri na mwajiriwa kutoambiana ukweli.

Shaka aliirithi. Babake, Rashid bin Salim, alikuwa liwali wa mwisho wa Kimazrui mjini Mombasa. Mwaka wa 1837 Sayyid Said aliutwaa mji huo, kisha wakuu wa ukoo wakakamatwa kwa hila na kuhamishwa, wasirudi tena. Waliosalia waligawanyika, hawa wakaenda Takaungu, hawa Gazi. Mtoto aliyelelewa kwa habari hizo angewezaje kuliamini tabasamu la mtawala?

Alipokua alimwasi Sultani wa Unguja, akapatanishwa, akaasi tena. Kila aliposhindwa alikimbilia Mwele, ngome yake katika misitu ya bara ya Kwale.

Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati yake mwaka wa 1888, iliona heri kumlipa posho kuliko kupigana naye. Mbaruk aliipokea na kutulia. Kwa nje palikuwa na adabu na salamu. Kwa ndani, Kampuni ilidhani imemnunua, naye alijiona mshirika anayepewa haki yake.

Tofauti hiyo ilifichuka Februari 1895, alipofariki Salim bin Khamis wa Takaungu. Kampuni ilimtawaza mwanawe, Rashid, ikampita jamaa aliyekuwa mkubwa kwa umri na ambaye wengi waliona ndiye mwenye haki. Huyo naye aliitwa Mbaruk bin Rashid, jambo linalowachanganya wasomaji hadi leo. Alipopinga na kushindwa, alikimbilia Gazi kwa jamaa yake.

Mzee wa Gazi akajikuta njia panda. Kumtoa mgeni wa damu yake ni aibu isiyofutika. Kumkataa mwajiri ni vita. Sir Arthur Hardinge, mwakilishi wa Uingereza, alikwenda kuzungumza naye. Mbaruk aliahidi utiifu, kisha akaondoka kwenda Mwele. Hapa ndipo tunapoweza kumlaumu: laiti angetamka waziwazi kwamba hatamtoa jamaa yake, huenda angalau angeheshimiwa kwa hilo. Lakini wakubwa wake nao walikuwa wameamua mambo ya ukoo wake juu ya kichwa chake, kisha wakadai uaminifu.

Julai 1895 Serikali ya Uingereza ilichukua nafasi ya Kampuni. Mwezi uliofuata majeshi ya Admirali Rawson yaliibomoa Mwele. Mapigano yaliendelea kwa miezi kadhaa mwambao mzima, mashamba na vijiji vikateketea, na waliolipia zaidi ni wenyeji ambao hawakuwahi kuonja posho ile.

Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka na mamia ya wafuasi wake, akajisalimisha kwa Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Aliishi Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka wa 1910.