Alice Hamilton: Daktari aliyesaka sumu viwandani kabla sheria haijafika

Leo ukisikia kiwanda kimepigwa faini kwa kuhatarisha afya za wafanyakazi, hushangai. Lakini Marekani ya mwaka 1910, mfanyakazi aliyeugua kwa sumu ya kazini alijibeba mwenyewe. Tajiri hakudaiwa chochote, na mtu mwingine alikuwa tayari getini kuchukua nafasi yake.

Mmoja wa watu waliobadilisha hali hiyo ni Dk Alice Hamilton.

Alizaliwa New York Februari 27, 1869, akakulia Fort Wayne, Indiana. Alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1893, akaongeza masomo Ujerumani, kisha mwaka 1897 akahamia Chicago kufundisha. Huko aliishi Hull House, kituo cha Jane Addams kilichohudumia wahamiaji maskini. Majirani zake ndio waliokuwa wakifanya kazi viwandani, na ndio waliokuwa wakirudi wagonjwa.

Beseni la kuogea

Mwaka 1910 alisimamia uchunguzi wa tume ya magonjwa ya kazini ya jimbo la Illinois. Alijikita kwenye madini ya risasi, ambayo huleta maumivu makali ya tumbo, degedege na kulegea kwa viganja.

Alikutana na mhamiaji kutoka Poland ambaye viganja vyake vyote vilikuwa vimelegea. Kazi yake ilikuwa kupaka enameli kwenye mabeseni ya kuogea. Wenye kiwanda walisema hawatumii risasi, wakamtembeza ndani. Kweli, hakuona kitu.

Hakuridhika. Akamfuata mgonjwa nyumbani, na ndipo ukweli ukatoka: alikuwa ameonyeshwa sehemu ya kumalizia tu. Kazi yenyewe ilifanyika jengo jingine, mbali kabisa. Huko watu walinyunyizia unga wa enameli kwenye beseni la moto mwekundu, huku wakivuta vumbi lenye risasi.

Tangu hapo hakutegemea maneno ya meneja peke yake. Alipekua mafaili ya hospitali na kugonga milango ya wafanyakazi.

Si suala la kunawa mikono

Matajiri wengi walikuwa na jibu moja: wafanyakazi ni wachafu, hawanawi kabla ya kula. Hamilton alionyesha kwamba tatizo kubwa ni vumbi na moshi unaovutwa. Yaani, hata ukinawa mara kumi, hewa ikiwa na sumu utaugua tu.

Kigogo mmoja wa kampuni ya National Lead, Edward Cornish, alimbishia na kumtaka alete ushahidi. Akaleta wagonjwa 22. Cornish akakubali, akafunga mitambo ya kudhibiti vumbi na kuweka madaktari.

Mwaka 1911 Illinois ikapitisha sheria ya kuwalinda wafanyakazi dhidi ya magonjwa ya kazini. Hamilton akaanza kuchunguza viwanda nchi nzima kwa niaba ya serikali kuu, ila hakuwa na mamlaka ya kulazimisha mlango ufunguliwe. Alitegemea ushahidi na kubembeleza. Si kila tajiri alikuwa Cornish.

Vita aliyoshindwa

Mwaka 1919 akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Harvard, japo hakuruhusiwa hata kuandamana na wenzake kwenye mahafali.

Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja New Jersey walikufa kwa sumu ya risasi iliyokuwa ikitengenezwa ili kuchanganywa kwenye petroli. Mei 1925 serikali iliitisha mkutano. Hamilton alipinga waziwazi risasi kwenye mafuta, akionya kwamba hata mtu wa barabarani ataivuta. Kampuni zilidai hakuna ushahidi wa kutosha. Mwaka uliofuata biashara ikaendelea.

Na huko ndiko hadithi yake inapotufikia sisi. Petroli yenye risasi iliuzwa duniani kote, Afrika Mashariki ikiwemo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia Januari 2006. Ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Ni miaka 96 tangu onyo lake.

Hamilton alifariki Septemba 22, 1970, akiwa na miaka 101. Miezi mitatu baadaye, Desemba 29, Marekani ikasaini sheria ya usalama kazini kwa nchi nzima. Sasa mkaguzi alikuwa na sheria ya kumfungulia geti.